Darasa la Saa Kumi

Newala, 7 Oktoba 2018

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unapumua vizuri, goti la kushoto limetulia na kuku wanataga mahali unapowaona. Mimi ni mzima kupita kiasi. Kama kuna ugonjwa wa kuwa mzima, basi ndio nilionao.

Leo ni wiki ya tatu tangu harusi, na kila nikiamka nakuta Gasper yupo. Nilidhani nitazoea. Sijazoea. Jana ameshona sare kumi na mbili za shule pale kibandani kwake mjini, na vipande vilivyobaki akanishonea mfuko wa madaftari wenye herufi D na G zimekumbatiana. Bibi, ni mwanamume gani mwingine anayekumbatisha herufi?

Nyumba yetu iko nje ya mji, ukingoni kabisa, pale uwanda unapokatika na kuporomoka kwenye bonde la Ruvuma. Asubuhi mawingu yako chini yetu. Ndani ya nyumba mtandao haushiki, lakini nikitoka na kigoda mpaka kwenye mkorosho wa mwisho, unashika vizuri. Hapo ndipo shule yangu ilipo. Kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi kamili jioni, nafungua simu naingia darasa la Mwalimu Basil. Kiswahili na Jiografia najisomea kwa vitabu, ila Historia ya kisasa nisingeiweza bila yeye. Tuko arobaini na moja, wa Lindi, wa Songea, wa kila mahali, wote watahiniwa wa kujitegemea.

Kidato cha sita nilikuwa nakiogopa, kumbe ni chepesi. Mwalimu Basil ni hodari ajabu. Alhamisi amemaliza Vita Kuu ya Kwanza kwa dakika kumi na nane. Nimeingia, nimeketi, wakatia saini mkataba. Hapotezi maneno.

Mwambie Mjomba Majaliwa asiwe na wasiwasi. Sharti alilolitamka mbele ya wazee wa pande zote mbili sijalisahau: mtihani wa majaribio wa Januari nikipata chini ya arobaini kwa mia, narudi Nanganga kwako, nikae nisome mpaka mtihani wa taifa wa mwezi wa tano uishe. Miezi mitatu bila Gasper. Nikiifikiria, chakula hakipiti. Lakini kwa vita vya dakika kumi na nane, nani atanishinda?

Mjukuu wako mwenye furaha,
Dorika


Nanganga, 16 Oktoba 2018

Mke mwenzangu,

Marahaba. Barua imefika. Kondakta wa basi, anayeitwa Jumanne, aliikalia kutoka Newala mpaka Masasi, kwa hiyo imenyooka kama imepigwa pasi. Goti linauma kama jana na juzi. Kuku wanataga kwa jirani.

Nimefurahi kusikia mume wetu hajambo. Nasema mume wetu kwa sababu mjukuu akiolewa bibi naye ameolewa, na mimi ndiye mke mkubwa. Mwulize herufi yangu, J ya Julia, ameikumbatisha na nani.

Sasa hilo la vita. Mimi nimefundisha elimu ya watu wazima miaka ishirini na sita, ubao wangu ukiwa mlango uliong'olewa kwenye ghala la mbolea, na sijapata kumaliza hata herufi moja kwa dakika kumi na nane. Waliopigana vita hiyo walichukua miaka minne. Huyo Basil anawahi wapi? Muulize na mwanzo wake ulikuwaje, maana vita haianzi na saini.

Usinitumie ujumbe kwenye simu ya mjomba wako. Ule wa juzi, wenye mioyo mingi na zile herufi zenu, aliusoma kwa sauti pale mashineni mbele ya wanawake waliokuja kusaga. Mpaka sasa wananiuliza herufi zimeachana au bado. Andika barua.

Hapa mvua bado. Ming'oko, ile mizizi ya porini, imeanza kupatikana, nilichemsha jana. Sufuria dogo silioni, kwa hiyo napika kwenye lile letu kubwa, na kinachobaki ni cha kuku. Kwa kula wanakula vizuri.

Bibi yako,
mke mkubwa


Newala, 4 Novemba 2018

Bibi yangu,

Shikamoo tena, na pole na goti. Gasper anasema ulifunge kitambaa cha sufu. Amekushonea kimoja, kiko ndani ya bahasha. Ile alama nyekundu ni J.

Bibi, nina ushahidi kwamba ninapendwa. Sikiliza. Kila asubuhi Gasper ananiambia, Dorika, nitarudi saa kumi na mbili. Na kila jioni namwona anapandisha baiskeli kwenye kona, natazama simu, ni saa kumi na moja. Kila siku. Hajawahi kufika saa kumi na mbili hata mara moja. Anashindwa kukaa mjini saa moja ya mwisho, moyo unamvuta. Sijamwambia kwamba nimegundua, namwacha adhani ni siri yake. Siku za Jumapili pia ananiharakisha kwenda kanisani, mimi najua bado mapema, lakini nafuata tu. Mwanamume anayempenda mke wake na Mungu kwa haraka sawasawa, utampata wapi?

Masomo yanaenda vizuri. Mapinduzi ya Ufaransa tumeyamaliza, yule mfalme mfupi kapelekwa kisiwani akafia huko. Mdororo Mkuu wa uchumi nao umekwisha, watu wamerudi kazini. Kitu kimoja tu kinanishangaza: wenzangu wanaonekana wanajua mambo ambayo mimi sikuyasikia. Nadhani waliyasoma kidato cha tano. Siku moja nilijikaza nikauliza, Mwalimu, lakini hawa walikuwa wanagombea nini? Akasema hilo tumeshalizungumza kwa kirefu. Tangu hapo naona haya kuuliza.

Sijali. Daftari langu limejaa ushindi, mikataba na watu wanaorudi nyumbani kwao. Sikujua historia ni kitu kizuri namna hii. Kila kitu kinaisha vizuri.

Mjukuu wako anayewahiwa,
Dorika


Nanganga, 20 Novemba 2018

Dorika,

Hujambo. Kitambaa cha goti kimefika na kinafaa. Mshukuru aliyekishona. Shukrani zangu zimeishia hapo.

Alhamisi iliyopita nilitaka kukusikia unavyosoma. Mjomba wako ndiye mlezi wako kwenye darasa hilo, kwa hiyo na yeye anapokea njia ya kuingia. Saa kumi kasoro dakika tano akazima mashine ya kusaga, watu wakalalamika, akawaambia ni jambo la elimu. Tukakaa juu ya magunia, mimi na yeye. Nilikuwa nimevaa ile kanga ya harusi yako.

Mwalimu akaanza kuita majina. Akafika kwako. "Dorika." Kimya. "Dorika yupo?" Kimya. Akaita mara ya tatu, na mtu mmoja, lafudhi yake ya Songea, akasema, "Mwalimu, huyo ni bibi harusi, muache apumzike." Darasa zima likacheka. Mwalimu akasema jina hilo halijaitika tangu mwezi wa tisa.

Mjomba wako alikuwa anatazama gunia. Hakuinua macho. Tulisikiliza nusu saa, kifurushi kikaisha, akawasha mashine.

Mimi nimeolewa pia, mjukuu wangu. Najua alasiri ya Newala ina kibaridi na najua kibaridi kinaleta nini. Sikulaumu kwa hilo. Nakulaumu kwa kuniandikia kurasa tatu za vita ambayo hukuisoma. Majaliwa anasema hakuna haja ya kungoja Januari, atakuja kukuchukua sasa hivi. Nimemzuia mpaka nipate jibu lako. Saa kumi ulikuwa wapi?

Bibi yako


Newala, 24 Novemba 2018

Bibi,

Shikamoo. Sijambo, lakini barua yako niliisoma nimesimama na nikamaliza nimekaa chini.

Naapa kwa kaburi la mama. Alhamisi ile saa kumi kamili nilikuwa kwenye kigoda changu chini ya mkorosho, simu mkononi, daftari magotini. Gasper alikuwa mjini anashona. Sijakosa darasa hata moja tangu nianze, hata siku ile nilipokuwa na homa. Majina sijawahi kusikia yakiitwa. Nilidhani madarasa ya mtandaoni hayana mambo hayo.

Kama huniamini, nitakueleza somo la siku hiyo. Ilikuwa Vita Baridi. Ukuta ulibomolewa kwa nyundo na mikono mitupu, ndugu waliotenganishwa miaka mingi wakakumbatiana, na mimi nikalia hadi wino ukachafuka. Ukurasa upo, ninao, una alama ya machozi. Mtu aliyelala na mume wake angeyajua haya?

Labda Mjomba aliingia darasa jingine, lenye Dorika mwingine. Muulize kwa upole, nisije nikamkosea adabu.

Gasper anataka kuja mwenyewe Nanganga kuapa mbele yenu. Nimemwambia asubiri. Anashona suruali huku amenuna, na miguu ya suruali inatoka mmoja mrefu.

Mjukuu wako anayesingiziwa,
Dorika


Nanganga, 30 Novemba 2018

Dorika,

Hujambo. Nimesoma barua yako mara mbili, nikaitisha daftari langu mwenyewe, maana na mimi nilikuwa naandika siku ile.

Ni darasa lile lile. Vita Baridi, ndiyo. Lakini sisi tulisikiliza nusu saa nzima, na huo ukuta ulikuwa haujajengwa.

Nimefundisha wavuvi wa Ruvuma, wachimba chumvi na mke wa diwani. Mwanafunzi mwongo hukuletea mwanzo wa somo na kuubuni mwisho. Wewe unaniletea mwisho mtupu, mwisho wa kila kitu, mpaka mfalme kafia kisiwani, na mwanzo huna hata mmoja. Mwongo hafanyi hivyo. Hivyo hufanya mtu anayechelewa.

Siku ya Jumanne ukienda mkoroshoni, nenda na mtu mwenye saa ya mkononi. Majaliwa nimemwambia angoje.

Bibi yako


Newala, 9 Desemba 2018

Bibi yangu uliye na akili kuliko Wizara nzima,

Shikamoo mara saba. Mimi ni mzima ila nimeaibika, na nitakueleza yote kwa utaratibu.

Siku ya Jumanne Gasper alifunga kibanda mapema, akaja na saa ya mkononi ya marehemu baba yake. Tukakaa chini ya mkorosho. Simu ikasema saa kumi. Nikaifungua. Gasper akasema ngoja, ni saa kumi na moja. Nikasema simu haikosei, inapata saa hewani. Akasema saa ya baba yake imemwamsha miaka tisa. Huo ndio ugomvi wetu wa kwanza, Bibi, ulichukua dakika sita, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na saa yake, hata urefu wa ugomvi tulikubaliana kwa shida.

Halafu simu ikalia. Ujumbe: karibu Msumbiji.

Ujumbe huo huwa unakuja mara kwa mara na mimi huwa naufuta, nikidhani ni tangazo la utalii. Gasper akaniambia wateja wake wa ukingoni wote wanaujua. Pale kwenye mkorosho simu inaona mnara wa ng'ambo ya Ruvuma. Ikiushika tu, inajipangia saa ya kule, na kule wako nyuma yetu kwa saa nzima. Ikirudi kwenye mtandao wetu, saa inabaki ya kule kule. Mwili wangu ulikuwa Newala, saa yangu imehamia Msumbiji tangu mwezi wa tisa. Saa kumi yangu ni saa kumi na moja ya Mwalimu Basil. Darasa ni la saa moja na dakika ishirini. Fanya hesabu mwenyewe, Bibi, mimi nimeshaifanya na sitaki kuirudia.

Nililia. Gasper akanibembeleza, akasema historia itasomeka. Nikamwambia, "Silii kwa ajili ya historia. Nalia kwa sababu hukuwahi kuniwahi hata siku moja. Ulikuwa unafika saa kumi na mbili kama ulivyosema."

Hakuelewa. Ikabidi nimweleze yote, ile siri yake ambayo hakuwa nayo. Akazungusha ile saa mkononi. Kisha akasema, "Kuanzia kesho nitafunga saa kumi na moja." Na akafanya hivyo siku mbili, mpaka mama mmoja wa Chilangala aliyekuta kibanda kimefungwa akamfuata hadi nyumbani na kitambaa begani kutaka vipimo. Nimemruhusu arudi saa yake ya zamani. Sasa ndiyo naijua thamani yake.

Nilimpigia Mwalimu Basil nikamweleza. Alicheka mpaka akakata simu, akapiga tena. Anasema amepata wanafunzi waliochelewa kwa mvua, kwa msiba, kwa kifurushi kuisha, lakini hajapata aliyechelewa kwa sababu alikuwa nchi ya nje. Jina langu sasa ameliwekea alama ya yupo. Mtihani wa majaribio hawezi kuusogeza, ni tarehe 26 Januari kwa wote.

Kwa hiyo nimebakiza wiki saba, na ninajua jinsi kila jambo duniani lilivyoisha bila kujua hata moja lilivyoanza. Nimeanza upya. Kinachonisumbua zaidi ni ile mada ya biashara huria, uchumi ulipolegezwa hapa kwetu na milango ikafunguliwa. Kitabu kinasema "kudorora kwa uzalishaji na uhaba wa bidhaa." Bibi, siuoni huo uhaba. Nikifumba macho naona duka limejaa. Wewe ulikuwepo. Ilianzaje?

Mjukuu wako aliyerudi Tanzania,
Dorika


Nanganga, 18 Desemba 2018

Mke mwenzangu,

Hujambo, na unisamehe. Kanga ya harusi nimeifua, nitaivaa tena. Mjomba wako amekwenda kuwatangazia wanawake wote pale mashineni kwamba mpwa wake hakulala, alikuwa Msumbiji. Sijui kama amesaidia.

Sasa chukua kalamu. Uhaba ni huu.

Mwaka wa themanini na tatu sabuni ilikwisha. Nikisema ilikwisha usidhani ilipanda bei. Ulikwenda duka la kijiji ukakuta mashelfu, na muuza duka amekaa katikati yake kama mgonjwa. Nguo tulifulia majani ya mpapai. Nilifundisha watu wazima kuandika neno SABUNI ubaoni na mzee mmoja akaniuliza, mwalimu, hiki kitu bado kipo au tunasoma historia?

Babu yako, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alikwenda Masasi kwa mguu na baiskeli. Alipata mche mmoja wa sabuni, usiniulize kwa nani. Siku zile ukikutwa na bidhaa bila karatasi ulikuwa mhujumu wa uchumi. Akaufunga kwenye majani ya mgomba ndani ya kikapu cha njugu mawe. Njiani kuna kizuizi. Mgambo akapekua, akauona. Akauliza, hiki nini? Babu yako akasema ni halua, anampelekea mke wake. Mgambo akasema, kama ni halua, kula.

Akala, Dorika. Akang'ata kipande akatafuna akimtazama mgambo usoni. Akameza. Akang'ata tena. Pale povu likaanza kumtoka, kwanza pembeni, kisha lote. Mgambo akadhani ni kifafa, akaruka nyuma, akamwambia pita, pita ukafie mbele.

Alifika nyumbani saa tatu asubuhi, macho mekundu, akanikabidhi mche wenye alama za meno. Aliharisha siku nne. Hakuna mtu aliyepata kuniambia ananipenda kwa namna ile, na hata yeye hakurudia.

Kipande chenye meno sikukitumia. Nilikiweka mpaka ile ruhusa ya biashara ilipokuja, maduka yakajaa, mitumba ikaja, wanunuzi wa korosho nao wakaja kila mmoja na mizani yake na kidole chake juu ya mizani. Sabuni ikawa kitu cha kawaida. Na babu yako naye akawa wa kawaida, akanuna kama wanaume wote. Kuna vitu uhaba ulivitunza.

Huo ndio mwanzo ninaoujua. Mambo ya mikopo na masharti ya benki za Wazungu mwachie Basil.

Krismasi hii nitakuwa na Majaliwa na mke wake. Watakula na kwenda.

Bibi yako,
mke mkubwa


Newala, 27 Januari 2019

Bibi,

Shikamoo. Natumaini mvua hizi hazijakubomolea banda. Sisi ni wazima, isipokuwa mkono wa kulia wa Gasper, nao nitakueleza.

Jana ndiyo siku yenyewe. Saa tatu asubuhi, saa ya kwetu, nimeirekebisha kwa mkono na Gasper ameihakikisha kwa saa ya baba yake. Mtihani unachukua muda wa saa tatu, unaandika kwa kalamu, kisha unapiga picha kurasa unamtumia Mwalimu. Mvua ikaanza dakika ya kumi. Nyumbani mtandao hakuna, na maswali yanakuja sehemu sehemu kwenye simu, kwa hiyo siwezi kuhama. Gasper akachukua mwavuli akasimama juu yangu. Saa tatu zote. Hakubadilisha mkono kwa sababu alisema akibadilisha matone yataanguka kwenye jibu. Leo mkono hauinuki. Nimemlisha uji kwa kijiko na sote wawili tumefurahi.

Maswali yalikuwa matano. Bibi, karibu yote yalitaka chanzo. Swali moja tu ndilo lililouliza matokeo, na hilo nililijibu kurasa tisa.

Yale mengine nilifanya ninavyoweza. Niliyokuwa nimeyasoma upya niliyaandika, niliyokuwa sijayafikia nilirudi kinyumenyume. Ukiingia kwenye nyumba ukakuta sahani zimevunjika na mume amekaa nje, hukuwepo, lakini unaweza kukisia. Kwenye swali la biashara huria sikukisia. Nilimwandika babu, kizuizi, halua na povu. Nilipofika pale anapong'ata mara ya pili nilisikia Gasper juu yangu anavuta kamasi, naye alikuwa anasoma.

Matokeo wiki ijayo. Naogopa, Bibi. Nimehesabu siku za miezi mitatu na sitakuandikia ni ngapi.

Mjukuu wako,
Dorika


Newala, 6 Februari 2019

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua hii inatangulia na gari la mchana, kwa hiyo nafupisha.

Nimepata thelathini na nane.

Mwalimu Basil ameandika kwa wino mwekundu. Kwenye matokeo nimepata ishirini kwa ishirini, anasema hajapata kuona mtu anayejua kumaliza mambo kama mimi. Kwenye biashara huria amenipa saba, na pembeni ameandika: "Babu yako si rejea. Ila nimemsomea mke wangu." Kwingine ni mbili, tatu, sita. Jumla ndiyo hiyo. Alama mbili, Bibi.

Mjomba Majaliwa alifika jana jioni. Hakuwa mkali. Alikuwa kama mtu aliyetumwa, anatazama viatu. Alisema alama mbili ni kitu kidogo lakini neno lilisemwa mbele ya wazee, na neno halina kasoro mbili. Nikaanza kukunja nguo. Nilikuwa nalia kimya ili nisimvunjie heshima.

Gasper hakuwa chumbani. Nikasikia vyuma vinagongana huko uani. Tukatoka. Alikuwa ameileta cherehani ya kibandani, ameilaza chini, amefungua kichwa chake, anakifunga kwenye blanketi letu.

Mjomba akamwambia, "Baba, mimi nimekuja kuchukua mtu mmoja."

Gasper hakuinua kichwa. Akasema, "Mjomba, sharti lilisema Dorika arudi Nanganga. Halikusema mimi nibaki Newala."

Mjomba akasimama pale. Nilimwona anarudi akilini mpaka siku ya harusi, anapitia maneno yake moja moja. Akaomba maji. Akanywa. Akauliza yale magurudumu ya chini yanafunguliwa na spana namba ngapi.

Tunakuja Ijumaa, Gasper anamaliza kwanza kwa mkono sare tatu alizoahidi. Mjomba amebaki kusaidia kukata nyuzi. Tafadhali usisumbuke, tutalala popote.

Mjukuu wako,
Dorika, pamoja na mumeo


Nanganga, chumba cha pili, 19 Februari 2019

Dorika,

Hujambo, nimekuona asubuhi. Nakuandikia kwa sababu leo ni Jumanne, saa kumi kasoro robo, umeshakaa na simu yako kwenye kona ya jikoni, na jambo hili nikilisema mdomoni nitaligeuza kuwa utani. Barua hii nitaiweka ndani ya daftari lako.

Matokeo yalipotoka, mjomba wako alikuja kwangu akasema, mama, alama mbili tuzisamehe, mtoto amejitahidi, na kosa lilikuwa la mnara. Alikuwa ameshakata shauri. Mimi ndiye niliyemwambia neno ni neno. Nilimsimamia hapa mlangoni mpaka akapanda gari.

Tangu mama yako afariki tulikuwa wawili katika nyumba hii. Ulipoolewa nilicheza ngoma kuliko wote, na niliifurahia kweli. Asubuhi yake nikasonga ugali, nikautazama. Nimejaribu miezi mitano kupika kidogo na sijaweza. Ndiyo maana alama mbili zile sikuzisamehe. Nilidhani nitakupata wewe miezi mitatu, na Gasper nitamwomba radhi baadaye. Hili la yeye kuja sikulifikiria. Kijana wa watu anakuja na kichwa cha cherehani kimefunikwa blanketi kama mtoto mchanga, nami ndiye niliyetaka kumtenga na mkewe. Ukitaka kukasirika, una haki. Kasirika baada ya somo.

Mtihani ukiisha mwezi wa tano mko huru. Gari la Masasi linapita hapa saa mbili asubuhi, sitamtuma Majaliwa kuwazuia na sitaugua goti siku hiyo. Nimeahidi mwenyewe, hakuna aliyeniomba.

Ila kuna jambo ulijue usije ukasema ni mimi. Jana nilimwambia mume wetu meza yake ya kukatia aiweke pale barazani, penye mwanga. Nilisema aiweke tu. Leo nimerudi kutoka kisimani nimekuta amechimba mashimo manne, ameifukia miguu ya meza mpaka magotini na kushindilia mawe. Hilo la kufukia ni wazo lake.

Bibi yako